Tupa, Moto na Fedha: Mafundi Wanaochonga Viungio vya Baiskeli

Ukiikuta baiskeli nyeusi ya kizamani, iwe Phoenix ya Shanghai, Hero ya Ludhiana au Raleigh ambayo babu aliinunua kwa pesa za pamba, inama uangalie chini ya usukani. Pale paipu ya juu inapokutana na ile paipu fupi inayobeba usukani, hutaona mshono wa kuchomelea. Utaona kipande cha chuma chenye midomo, paipu zimezamishwa ndani yake, na kingo zake zimekatwa kwa mchongoko mdogo ambao macho huupita bila kuujali. Hicho ndicho kiungio. Fremu moja huwa navyo vinne: viwili mbele, kimoja chini ya siti, na kile kizito cha chini ambamo pedali huzungukia.

Katika baiskeli hizo zilizotulea, viungio vilikandamizwa na mashine kutoka kwenye bamba la chuma, na hakuna aliyevigusa kwa tupa zaidi ya kuondoa makali. Lakini wapo mafundi, London, Milano, Osaka na kwenye vibanda vya nyuma ya nyumba huko Marekani, ambao hukibana kiungio kimoja kwenye jiliwa na kukaa nacho siku nzima. Wanakikata kwa msumeno mwembamba wa sonara, wanakipunguza kwa tupa ya nusu duara, wanakitoboa vidirisha vya umbo la moyo au jani. Anayewatazama kwa haraka atasema wanapamba. Wanapamba kweli, na wengine kupita kiasi. Ila pambo lenyewe lilizaliwa na hofu ya kuvunjika.

Mwishoni mwa karne ya 19 fremu ya baiskeli ilikuwa imeshapata umbo tulilolizoea hadi leo. Kilichobaki kuwasumbua watengenezaji ni uzito. Kila mnunuzi alitaka baiskeli nyepesi, na wepesi ulidai paipu nyembamba. Paipu nyembamba nayo ikipigwa moto mkali hulegea palepale penye kazi nzito, karibu na kiungio. Mwaka 1897 Alfred Milward Reynolds, wa familia ya Birmingham iliyokuwa ikitengeneza misumari, alipata hataza ya paipu yenye unene wa aina mbili: nene kwenye ncha, nyembamba katikati, na kipenyo cha nje kisichobadilika. Nyama ikawa pale moto unapopita, na katikati pakapunguzwa. Mwaka 1935 kampuni hiyo ikatoa paipu ya 531, chuma cha pua kilichochanganywa na manganizi na molibdeni, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa ndoto ya kila mwendesha baiskeli wa Uingereza mwenye mshahara mdogo na tamaa kubwa. Chuma hichohicho kiliingia kwenye fremu ya mbele ya gari la Jaguar E-Type. Paipu ya daraja hilo huweza kuwa na unene wa milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati.

Sasa fikiria kuunganisha paipu mbili za unene huo. Chuma cha pua huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi, na kuchomelea maana yake ni kukiyeyusha chuma chenyewe mpaka pande mbili ziwe dimbwi moja. Kulehemu ni kazi nyingine. Chuma hakiyeyuki, kinachoyeyuka ni shaba ya njano, karibu na nyuzi 900, au aloi ya fedha, karibu na nyuzi 650. Kati ya paipu na kiungio huachwa nafasi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Fundi hupaka dawa ya kusafishia chuma, hupasha kiungio chote kwa mwali wa gesi mpaka kiwe chekundu kwa kiasi anachokijua yeye, kisha hugusisha fimbo ya fedha kwenye ukingo mmoja. Fedha hutoweka. Imevutwa ndani ya ile nafasi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi, hata pale inapobidi kupanda juu, na baada ya sekunde chache huchungulia kwenye ukingo wa pili.

Hapo ndipo vidirisha vinapopata kazi. Kiungio kisicho na tundu hakikuonyeshi kama fedha imefika katikati. Kilichotobolewa kinakuonyesha mstari mwembamba wenye kung'aa kuzunguka tundu, na fundi akiuona mstari huo umekamilika anazima moto kwa amani. Zile ncha ndefu nazo zina sababu yake. Kiungio kilichokatwa wima huacha mpaka mkali: upande huu chuma mara mbili, upande wa pili paipu tupu. Baiskeli ikigonga shimo, nguvu yote hukwama kwenye mpaka huo, na ndipo paipu hupasuka baada ya miaka. Kiungio kikichongwa kiishie kwenye ncha, na ncha hiyo ikapunguzwa kwa tupa mpaka ikaribie kutoweka, chuma hupungua polepole na mzigo hausimami mahali pamoja.

Hadi hapo ni uhandisi. Kilichofuata Uingereza kati ya vita viwili vikuu ni kisa kingine, na nadhani ndicho kinachonoga.

Mashindano ya barabarani ya kuondoka kwa kundi yalikuwa yamepigwa marufuku na chama chenyewe cha waendeshaji tangu karne ya 19, kwa kuogopa ugomvi na polisi. Wakimbiaji wakabuni mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa, zilizoanza alfajiri, washiriki wakivaa mavazi meusi, na njia za mashindano zikitajwa kwa herufi na namba za siri. Walikuwa wanamichezo wa ridhaa, na kanuni za ridhaa zilikuwa kali: mkimbiaji hakuruhusiwa kumtangazia biashara mtengenezaji wa baiskeli yake. Inasimuliwa kwamba hata picha za magazetini zilifutwa jina kwenye paipu. Mtengenezaji mdogo wa London afanyeje basi ili baiskeli yake itambulike pichani bila jina? Aipe umbo ambalo halifanani na la mwingine.

Ndipo yakaja maajabu. Ndugu wa Bates, mashariki ya London, walikunja foku kwa mpindo mara mbili. Baines wa Bradford alisimamisha paipu ya siti katikati ya fremu hadi watu wakaibatiza baiskeli yake geti linaloruka. Hyman Hetchin, mhamiaji kutoka Urusi aliyefungua duka Tottenham, alikuwa na fundi aitwaye Jack Denny, na katikati ya miaka ya 1930 duka hilo likatoa baiskeli yenye paipu za nyuma zilizopindwa kwa mawimbi. Walidai mpindo huo unameza mitikisiko ya barabara. Sina imani na dai hilo. Paipu za nyuma zimeshikwa pande zote mbili na haziwezi kucheza kiasi cha mgongo wa mtu kuhisi. Lakini ukiiona Hetchins kwa mbali unaijua, na hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha.

Viungio vya Hetchins vilipindukia zaidi ya paipu zake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia walitoa modeli waliyoiita Magnum Opus, ambayo viungio vyake vimejaa mikunjo na vidirisha kiasi kwamba mtu huweza kusahau kuwa kuna paipu ndani. Nasema wazi kwamba jicho langu huchoka nazo. Ule mchongoko wa kawaida, ncha moja ndefu iliyopunguzwa vizuri, unanitosha. Hata hivyo siwezi kubeza saa zilizomo. Kila pembe ya ndani ya mikunjo ile ni mahali tupa ya kawaida haifiki. Inabidi utumie tupa za sindano, na ukiteleza mara moja kiungio kizima ni chuma chakavu.

Vita vilivyokwisha viliacha uhaba, na uhaba ukafundisha njia nyingine ambayo mafundi wa leo wanaipenda sana. Claud Butler, mtengenezaji mkubwa wa London wakati huo, aliunganisha fremu zake kwa vipande vilivyokatwa kutoka kwenye paipu na kuvalishwa juu ya paipu nyingine, kisha pembe ikajazwa shaba na kulainishwa kwa tupa mpaka ikawa mviringo usio na mshono. Hakununua kiungio kwa mtu. Alikizalisha hapohapo, kwa pembe anayotaka.

Pembe ndiyo sababu ya kweli ya mtu kutengeneza kiungio kwa mkono leo. Viungio vya dukani huja na pembe zilizokadiriwa kwa mtu wa kimo cha wastani, nyingi karibu na nyuzi 73. Fundi anaweza kukipinda kiungio nyuzi moja au mbili kwa kukitia mtalimbo na kukisukuma. Zaidi ya hapo kinavunjika au kinapoteza umbo. Mwanamke mfupi mwenye miguu mirefu, mzee ambaye mgongo wake haukubali tena kuinama, kijana wa futi sita na nusu: hawa hawamo kwenye katalogi. Kwao fundi huanza na paipu tupu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fremu ikihitaji paipu ya kipenyo cha milimita 28.6, fundi hutafuta paipu ya milimita 31.8 yenye ukuta wa karibu milimita 1.5, kwa sababu ya pili huimeza ya kwanza na kubakiza nafasi ndogo tu. Hukata vipande viwili. Ncha ya kimoja huichonga kwa tupa mpaka ikae juu ya mgongo wa kingine bila mwanga kupenya, kwa pembe iliyopimwa kwa mteja huyo na si mwingine. Kisha huviunganisha kwa shaba ya njano, kwa nyuzi zile 900, akijaza pembe ya ndani kwa tabaka laini. Kikipoa, ana kiungio kibichi, kinene na kibaya. Hapo hukipaka wino wa bluu wa mafundi, huchora umbo kwa sindano ya chuma, hutoboa matundu madogo kwenye kona kwa keekee ili msumeno upate mahali pa kugeukia, na huanza kukata. Baada ya msumeno huja tupa kubwa, baada ya tupa kubwa huja ndogo, baada ya ndogo huja kipande cha msasa kinachovutwa mbele na nyuma. Wengi husema sehemu inayochosha mkono ni kupunguza unene: kutoka milimita moja na nusu hadi kwenye ukingo usiozidi nusu yake, sawasawa kila upande, kwa kuhisi tu.

Angalia sasa hesabu ya moto. Kiungio hicho kimeshikwa na shaba iliyoyeyuka kwa nyuzi 900. Fundi akiingiza paipu za fremu na kuzilehemu kwa shaba tena, anaweza kuifungua kazi yake ya jana akiwa bado anaitazama. Kwa hiyo hatua ya pili hufanywa kwa fedha, nyuzi 650, na shaba ya kwanza haitikisiki. Fedha ni ghali, na kwa fundi anayefanya kazi peke yake hiyo ni sehemu ya gharama inayoonekana. Ilikuwa pia na hatari. Kwa miaka mingi aloi za fedha zilitiwa kadimi ili zitiririke vizuri, na mvuke wa kadimi huharibu mapafu na figo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika fimbo za kulehemia mwaka 2011. Ile dawa ya kusafishia chuma nayo ina floridi, na moshi wake si wa kuvuta.

Mwaka 1976 Reynolds walipoleta paipu ya 753, iliyokuwa nyembamba zaidi na iliyopata nguvu zake kwa kupashwa na kupozwa kiwandani, hawakumuuzia kila aliyekuja na pesa. Moto wa shaba ungeiua. Fundi alitakiwa kwanza kulehemu viungio kwa fedha na kuvituma vikaguliwe. Akifaulu ndipo jina lake liliingizwa kwenye orodha. Sijui biashara nyingi za baiskeli zilizowahi kumpa mteja wake mtihani. Timu ya TI-Raleigh iliendesha fremu za 753, na mwaka 1980 Joop Zoetemelk akashinda Tour de France akiwa na timu hiyo.

Kisha dunia ikageuka. Cino Cinelli wa Milano, mkimbiaji aliyeshinda Milan–San Remo mwaka 1943 kabla ya kufungua kampuni yake, alikuwa miongoni mwa walioleta viungio vilivyomiminwa kwenye kalibu ya nta, ambavyo hutoka safi kiasi kwamba tupa haina kazi kubwa. Baiskeli za milimani zikaja na paipu za vipenyo vikubwa ambavyo havikuwa na viungio dukani, watengenezaji wakaamua kuchomelea moja kwa moja. Alumini ikafuata, kaboni ikafuata. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 kiungio cha chuma kilikuwa kimetoka kwenye mashindano makubwa.

Waliobaki nacho walibaki kwa kupenda. Richard Sachs, Mmarekani, aliandika barua kwa maduka ya Uingereza akiomba kufundishwa, na mwaka 1972 akapokelewa na Witcomb Cycles huko Deptford, London. Alirudi kwao, akaanza kazi kwa jina lake mwaka 1975, na baadaye akabuni viungio vyake mwenyewe vilivyouzwa kwa mafundi wengine. Wateja wake wamezoea kusubiri kwa miaka. Mwaka 2005 Marekani ilianzisha maonyesho ya fremu za mkono, Uingereza nayo ikaanzisha ya kwake, na kwenye maonyesho ya aina hiyo utakuta viungio vya chuma kisichoshika kutu vilivyong'arishwa hadi mtu ajione uso.

Japani hadithi ni tofauti, na inafurahisha kwa sababu haihusu mapenzi hata kidogo. Mbio za keirin zilianza Kokura mwaka 1948 na watu huzichezea kamari. Penye kamari pana shaka, kwa hiyo chombo kinachosimamia kiliamua kwamba wanaume wote watapanda fremu za chuma, kutoka kwa mafundi walioidhinishwa, kila kipande kikiwa na muhuri wa chombo hicho, NJS. Kamari ikawalinda mafundi wadogo ambao soko lingewaua. Yoshiaki Nagasawa, aliyejifunza Italia kwa Sante Pogliaghi na Ugo De Rosa, alimtengenezea fremu Koichi Nakano, yule aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi mara 10 mfululizo, kuanzia 1977 hadi 1986.

Watetezi wa kiungio husema hukupa safari laini kuliko mshono. Siamini kwamba mtu aliyefungwa kitambaa machoni angeweza kutofautisha. Sifa yake halisi ni kwamba hufunguka. Chuma hakikuyeyuka wakati wa kuungwa, kwa hiyo paipu ikipasuka fundi huikata katikati, hukipasha kiungio mpaka fedha au shaba ilainike, huvuta kile kisiki, husafisha, na huingiza paipu mpya. Kila moto hupunguza kidogo nguvu ya chuma, hivyo haifanywi mara nyingi. Lakini inafanyika, na ndiyo maana fremu za miaka ya 1950 bado ziko barabarani.

Kwenye hili mafundi wetu wa gesi hawahitaji kufundishwa. Yule anayetumia pipa la maji na mawe ya kabaidi kupata mwali wake, na fimbo ya shaba kuziba rejeta ya lori, anaweza kukishika tena kiungio cha Phoenix kilicholegea kwa ufundi uleule wa Tottenham, ila bila fedha na bila tupa za sindano. Anayeharibu ni wa mashine ya umeme. Akipitisha mshono wake juu ya kiungio cha zamani, ile shaba iliyomo ndani huyeyuka na kujipenyeza kwenye chuma cha moto, na mshono unapopoa hupasuka ubavuni. Mwenye baiskeli huambiwa chuma kimezeeka.

Fundi wetu pia hutengeneza vipande vya kupima kwa mteja, ingawa kipimo chake ni mzigo na wala si mguu. Black Mamba za Kenya na baiskeli za boda boda za Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda ambako usafiri huo ulianzia miaka ya 1960, ziliongezewa vyuma vya kushikilia foku, keria ya nondo, vikanyagio vya abiria. Muuza mkaa hupewa keria ndefu. Muuza maziwa hupewa pete za kubeba madumu. Mzungu anapunguza chuma, sisi tunaongeza. Mzungu anampima mtu aliye juu ya siti, fundi wetu anampima aliye nyuma yake.

Na kiungio kimerudi kwenye baiskeli za bei kubwa kwa mlango mwingine. Bastion wa Melbourne, Australia, na Atherton wa Wales hukichapisha kwa titani, poda ikiyeyushwa na leza tabaka kwa tabaka, kwa pembe zinazoweza kumfuata mwendeshaji mmoja. Ndani yake hugundishwa paipu za kaboni. Kipimo cha mtu, ambacho zamani kilitoka kwenye msumeno na tupa, sasa kiko kwenye faili la kompyuta, na kikitoka kwenye mashine bado kuna mtu anayekisafisha kwa mkono. Tofauti iko kwenye kufungua. Joto linalolegeza gundi ya kiungio hicho huziharibu pia paipu za jirani, kwa kuwa nyuzi za kaboni nazo zimeshikwa na gundi ya jamii hiyohiyo. Hapo fundi wa kabaidi hana la kufanya.